Mbao za Papa Musumari-Moja

Yaya Bahati,

Rangi ya ukuta wa mbele wa nyumba ya Mama imekufa. Ilipakwa mwezi wa kumi, ikang'aa Noeli, na kufika mwezi wa nne ilikuwa chini ya dirisha, vipande vipande, kuku wanavidonoa wakidhani ni mahindi. Nimetanguliza hilo ili ujue kinachoniuma. Sasa nikusalimie, kaka yangu, kama mutu aliyelelewa.

Mama ameamkaje? Kile kikohozi chake cha asubuhi kimelegea, ao bado anajifanya anasafisha koo tu? Mulamu wangu Neema, muke wako, ule mukono ulioungua kwa mafuta ya mandazi umepona? Na watoto, wanasoma, ao masomo yamesimama tena? Mimi niko muzima. Huku Ulaya, Bergen, wanasema joto limefika, na mimi bado ninavaa soksi mbili. Mvua ya huku ni nyingi kama ya kwetu. Tofauti ni kwamba yetu inapiga kelele halafu inakwenda, hii inanyamaza na inabaki.

Ninaandika kwa karatasi, kisha nitapiga picha kila ukurasa nikutumie kwa simu. Utasema, huyu naye, kwa nini asitume sauti kama watu wote? Yaya, ni sauti ndiyo iliyotuponza. Sauti unaisikiliza ukiwa nyuma ya pikipiki, nusu inachukuliwa na upepo, nusu inachukuliwa na yule anayekuita barabarani. Karatasi utaisoma umekaa. Na umsomee Mama kwa sauti ya nguvu, yote, usiruke pale ninapokusema.

Unakumbuka tulivyozozana mwezi jana? Mimi nimelipa rangi nzuri, rangi ya nje, si maji ya chokaa. Neema ananitumia picha, ninaona ukuta una ukurutu. Nikakupigia.

“Yaya, umeifanya nini rangi yangu?”

“Nimeifanya vile ulisema kwa sauti uliyotuma. Mafuta kwanza, rangi nyuma.”

“Mafuta gani?”

“Vidanje, si unajua. Nilitafuta yenyewe, kwa watu wa garaje kule Ndosho. Nikaipiga mara mbili, mpaka mbao zikalewa.”

Vidanje! Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye tumbo la gari!

“Yaya, nilisema mafuta, sikusema vidanje.”

“Sasa hapa Goma mafuta ya mbao ni gani mengine, Sifa? Ya kupikia sombe?”

Na nyuma yako nikamsikia Neema anacheka mpaka anakosa pumzi. Mimi sikucheka siku ile. Nimecheka juzi kazini, peke yangu, juu ya ngazi, watu wakaniangalia.

Maana ni kweli. Kwetu ukisema mbao ipate mafuta, hata mutoto ataleta vidanje, juu ya kuzuia mchwa, juu ya kuzuia kuoza. Nusu ya kartye yetu, mtaa wa Majengo, ni nyeusi kwa hayo mafuta. Na huku ukisema mbao ipate mafuta, wanakuletea kopo la mafuta membamba ya kunywesha mbao, ambayo yanazama, yanakauka, na rangi inayashika kama mukono unavyoshika mukono. Vidanje haikauki. Utaipaka leo, mwaka kesho ukiigusa kidole kinateleza. Rangi uliyoweka juu yake haikuwahi kuigusa mbao hata siku moja. Ilikaa juu ya mafuta kama abiria aliyekaa juu ya magunia, kona ya kwanza akaanguka. Neno moja, nchi mbili, ukuta mmoja. Na najua ulifanya kazi: Neema aliniambia ulipiga magoti Jumamosi mbili nzima, ukaingiza brosi mpaka kwenye mianya. Kama rangi ingeshika kwa sababu ya jasho, hii ingekaa mpaka wajukuu.

Lakini kinachoniuma zaidi ya rangi ni kile kilichofuata. Mulikaa, mukafanya kikao cha famille, jamaa wote, mukakata maneno: ukuta ufunikwe mabati, fundi anaanza Jumatatu, ili wakwe wakija kwa mahari ya mudogo wetu Furaha mwezi wa nane wasione aibu. Nimeambiwa na mutoto wako wa darasa la tatu, mimi shangazi yake! “Tantine, nyumba yetu itakuwa ya kung'aa.” Mutu akiwa mbali anakuwa mutu wa kutuma tu, kiti chake kikaoni kinawekewa makoti. Nimelisema, limetoka, sitalirudia.

Sasa nisikilize, maana nina habari ya marehemu Papa yetu, na ni nzuri.

Hapa kazini, kwenye timu yetu ya kupaka nyumba rangi, mukubwa wetu ni mwanamke anaitwa Gunvor. Huku wanaitana majina makavu, mukubwa na mudogo sawa, lakini mimi nilishindwa. Umri wake ni wa Mama, nimwite Gunvor hivihivi kama ninaita mbuzi? Nikamwita Mama Gunvor, akazoea, sasa nikisahau ananiuliza nimekasirika nini. Ndiye aliyenitoa kwenye kuosha vyoo vya ofisi. Wanaume wa timu walisema huyu Mwafrika mufupi ataweza wapi ngazi, yeye akasema, “Nipeni wiki moja naye.” Nikasoma lugha yao kwenye makopo ya rangi, neno kwa neno, mpaka nikaweza kuwajibu. Leo wale wale ndio wananiuliza lita ngapi zinatosha ukuta gani, kwa sababu mimi ninapiga hesabu kichwani kabla hawajatoa simu.

Yaya, kama ungemuona huyu mama anavyosogelea mbao! Siku yangu ya kwanza nilifika mbio, nataka kuonyesha. Jua lilikuwa linawaka. Nikafungua kopo. Akaja, akaweka kifuniko juu, akakigonga kwa ngumi.

“Kesho.”

“Kesho nini, Mama? Jua si hili?”

Akatoa kipimo chake kidogo chenye sindano mbili, akazichoma kwenye mbao, akanionyesha namba. Kikisoma zaidi ya kumi na tano kwa mia, hafungui kopo, hata mwenye nyumba alie. “Jua limefika kwa ngozi,” akasema, “ndani mbao bado imelala na maji.” Basi hiyo ndiyo kazi yake: kusema kesho. Nimempa jina, Mama Kesho. Aliniuliza maana yake, nikamwambia, akalipenda mpaka ameliandika kwenye kofia yake ya kazi kwa rangi nyekundu.

Kabla ya brosi anapitisha kiganja kwenye mbao, amefumba macho, kama mutu anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Anachoma kisu pale anapotilia shaka. Anaosha vumbi na ukungu, anangoja, anakwangua kile kinachotaka kutoka, na kile kilichoshika vizuri anakiacha, anakisugua tu ili kisiwe laini sana. Halafu anatafuta vichwa vya mbao, yaani pale ilipokatwa na msumeno. Anasema mbao haina kiu kwenye ubavu, ina kiu mdomoni, na mdomo wake ni pale mwisho. Anainywesha hapo kwanza, mara mbili, mara tatu, mpaka ikatae. Na hapaki upande wenye jua. Anafuata kivuli: jua likiondoka kwenye ukuta, yeye ndiyo anafika. Kuna nyumba aliipaka mutoto wake akiwa anatambaa. Huyo mutoto leo ana ndevu na rangi bado imekaa. Nimeigusa kwa mukono wangu. Nilisimama hapo nikaona haya kwa kila ukuta nilioupaka kwa haraka.

Mama Gunvor huyo ndiye niliyemuonyesha picha ya ukuta wetu. Nilimuonyesha ili anisaidie kukasirika. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi, tunakunywa kahawa. Nikamwambia, ona walichonifanyia. Akachukua simu, akavaa miwani, akapanua picha kwa vidole viwili. Rangi hakuitazama kabisa. Alikuwa anasogeza picha taratibu, mbao kwa mbao, kama mutu anayesoma.

“Nani alipanga mbao hizi?”

“Papa yangu.”

“Alikuwa fundi wa nyumba?”

“Alikuwa mpasuaji wa mbao, kwenye milima ya Masisi. Alipasua na ule msumeno wa watu wawili, mumoja juu, mumoja chini.”

“Na misumari? Kwa nini ni safu moja?”

Yaya, niliona aibu ya utotoni inanipanda mpaka masikioni. Unakumbuka? Musumari moja kila mbao inapokutana na nguzo, pale chini, wakati majirani wote walipiga mbili, juu na chini. Unakumbuka walivyotuimba shuleni? “Sifa, upepo ukikuja leo mutalala wapi? Papa Musumari-Moja!” Wewe ulipigana juu ya jina hilo, ukarudi na shati bila vifungo. Mimi nilicheka pamoja nao ili wasinione, na usiku nikamuuliza Papa kwa nini asinunue misumari kama watu. Alisema tu, “Mbao ni kitu kinachohema, mutoto wangu,” akageuka akalala. Na sisi tukabaki na jawabu letu, kwamba muzee alikuwa muchoyo wa misumari.

Nikamwambia Mama Gunvor hivyo hivyo: “Walimcheka. Walisema ni uchoyo.”

Akasimama. Akawaita wenzetu wote, hata yule mwanaume mkali aliyekuwa upande wa pili wa nyumba. “Njooni mumuone mutu.” Akaweka ukucha juu ya picha, akawaeleza, na mimi nikasikiliza kama mutoto wa darasa la kwanza. Mbao ya juu inafunika ukingo wa juu wa mbao ya chini, kama magamba ya samaki. Musumari unapita kwenye mbao ya juu tu, hapo chini, na hauitoboi ile ya chini yake. Kwa hiyo kila mbao ina sehemu moja ya kushikwa. Mvua ikija inavimba, kiangazi kikija inasinyaa, inateleza chini ya mwenzake na hakuna kinachoivuta. Ukipiga mbili, umeifunga mikono na miguu. Siku inapotaka kusinyaa, inapasuka katikati. Na mbao ikipasuka, hakuna rangi duniani itakayokaa kwenye mpasuko.

“Huku tunafundishwa hivyo,” akasema. “Papa yako alifundishwa na nani?”

“Na mbao, nafikiri.”

Akatazama tena. Akaona mawe ya volkano yaliyoinua ukuta, mbao ya chini kabisa haigusi ardhi. Akaona paa lilivyotokeza mbele, mukono mzima, ili mvua isipige ukuta. Akavua ile kofia yake iliyoandikwa Mama Kesho, akaishika kifuani, mbele ya simu, Yaya. Mbele ya picha ya nyumba yetu ya Majengo! Mimi nilitoka nikaenda kujifanya naosha brosi.

Usinikubali kwa maneno tu. Shika taa, tembea ukutani leo jioni, utafute mbao moja iliyopasuka. Mimi nimepanua picha zote za Neema na sijaona hata moja, na nyumba hiyo imepita mitetemeko mingapi? Halafu vuka uende kwa jirani mwenye misumari miwili, uhesabu mipasuko yake mpaka uchoke.

Basi nilimuuliza Mama Gunvor: na vidanje tufanye nini? Nilitegemea aseme ukuta umekufa. Aliuliza swali moja tu: “Upande wa ndani ulipakwa?”

Haukupakwa. Papa hakutaka vidanje nyumbani, alisema harufu yake inamkumbusha lori. Wewe ulipaka mbele tu, nje tu. Ndani mbao ziko vile alivyozitoa kwenye msumeno, kavu, safi, zimekaa kivulini miaka yote hiyo.

“Basi zigeuze,” akasema. Kama mutu anayesema geuza mukate.

Nikahesabu, unanijua. Ukuta una mita nane kwa tatu, ni ishirini na nne. Toa mulango na madirisha mawili, inabaki ishirini. Mbao mbichi ya msumeno inakunywa, lita moja haitapita mita sita za eneo. Mipako miwili ya rangi ni lita saba karibu. Makopo mawili ya lita nne yanatosha, na kinachobaki ukifunge vizuri, ni cha kuziba mikwaruzo. Ya chini yake, kopo moja la lita nne, kwa sababu utanywesha na vichwa na kingo. Hayo yote ni yangu kulipa, hilo tusilijadili. Ila ukifika dukani, ninakuomba kwa jina la Mama, usitamke neno mafuta! Sema unataka rangi ya chini ya mbao ya nje. Wao wanaiita sous-couche. Wakikuletea kitu cheusi, toka mbio.

Kazi yenyewe ni hivi. Anza juu, maana mbao ya juu ndiyo inafunika. Kwa kuwa ni musumari moja, inang'oka bila kuvunja kitu. Papa alitaka hivyo, na sababu yake unaijua, nitaifikia. Upande wa vidanje uusugue kwa brosi ya chuma na maji moto ya sabuni ya unga, uanike juani kwa kugeuza, mpaka usinuke tena. Upande huo ndio utaangalia salon, sebule yetu, na ndani utaufunika na triplex, zile mbao nyembamba za plaiwudi, Mama asivute harufu. Upande safi ndio utaangalia barabara. Vumbi letu la mawe meusi ulioshe hata kama hulioni. Halafu rusha matone ya maji. Tone likisimama limejikunja kama kwenye jani la mgomba, mbao imekataa, ngoja. Likizama, imekubali. Hakuna kipimo cha sindano hapo, lakini tone halidanganyi. Nywesha vichwa. Rangi ya chini ipake kabla ya kupigilia, ili ifike hata pale mbao moja inapojificha nyuma ya mwenzake. Kisha pigilia, musumari moja, shimo lile lile ao karibu yake. Kisha rangi, mara mbili, ukifuata kivuli. Mwezi wa sita ndio huu unaingia, mvua zinafunga, jua ni la bure. Hata ukienda taratibu, wakwe watakuta imekauka.

Na mabati? Yaya, tazama juu ya kichwa chako. Hayo ya paa yana miaka mingapi, na yamebadilishwa mara ngapi? Mvua yetu inapita kwenye moshi wa volkano kabla ya kutufikia, inakula bati kama panya. Halafu bati juu ya mbao yenye vidanje, jua la mchana, hiyo ni sufuria. Maji yataingia kwenye matundu ya misumari, na misumari ya bati haichagui, itatoboa juu, chini, katikati. Mbao za Papa zitaoza gizani na hakuna atakayeziona zinaoza. Mama mwenyewe aliniambia, wewe ukiwa umetoka: “Nilizaliwa kwenye nyumba ya majani, nikaolewa kwenye ya mbao. Sitaki kumalizia kwenye kopo.” Kwako hakusema, kwa sababu unamlisha na anakuheshimu. Ndiyo maana ninasema mimi niliye mbali, ambaye huwezi kunifikia na kofi.

Kuna jambo moja gumu, nimelizunguka mpaka nimefika. Zile namba.

Nyumba ya kwanza ilipochukuliwa na moto wa volkano, Papa alisema ya pili atajenga ya kufungua. “Nikikimbia tena, nataka nikimbie na nyumba yangu.” Akaandika namba kwenye kila mbao, upande wa ndani, kwa ile penseli yake nene ya bapa, ili iweze kupangwa tena popote. Hatukukimbia nayo. Lakini mimi nililala miaka yote kwenye mukeka wa salon chini ya ukuta huo, na kabla sijaingia shule nilijua kumi na nne inakuja nyuma ya kumi na tatu, kwa sababu ya kumi na nne ilikuwa juu ya pua yangu. Hesabu zangu zote, za lita, za mita, hizi zinazonilisha huku, zilianza hapo. Na tukigeuza mbao, namba za mukono wa Papa zitatazama nje, na rangi ya chini itazifunika. Hakuna njia nyingine. Nililala siku mbili na hilo.

Kisha nikajiambia, aliziandika kwa kazi gani? Aliziandika siku mbao zitakapofunguliwa. Siku hiyo ni hii. Zikitumika mara moja zitakuwa zimetimiza. Ukishusha mbao, usizichanganye. Ziegemeze kwa mpango, ya kwanza mpaka ya mwisho, Mama atoke na kiti chake azione zote juani kabla ya rangi. Halafu watoto wako wachonge namba zile zile kwa ncha ya kisu upande wa pili, nyuma ya triplex, maana penseli haitashika penye vidanje. Kumi na nne uichonge wewe mwenyewe.

Na jua kwamba sikuandiki kama ninakudharau. Karibu kila mutu aliondoka, mimi wa kwanza. Wewe ulibaki na mama mugonjwa, mtaa ukiwa kimya na ukiwa na kelele, na asubuhi unafungua mulango unafagia vumbi lile jeusi. Nyumba imesimama kwa Papa, na imesimama kwako. Mama Gunvor aliniuliza nani anaitunza. Nikasema, kaka yangu mukubwa. Akasema, “Basi nyumba iko na bahati.” Hakujua ni jina lako! Nikamwambia, tukacheka.

Nisalimie Mama, umshike mikono yote miwili ukimwambia. Nisalimie Neema, mulamu wangu anayecheka wakati wa msiba wa rangi. Nisalimie Furaha mudogo wetu, mwambie bwana harusi atakayepima familia kwa kung'aa kwa bati hatufai, na kama ana akili atagusa ukuta kwa kiganja. Nisalimie shangazi wa Masisi akishuka sokoni, umwambie msumeno wa kaka yake umesifiwa Ulaya. Na yule mutoto wa darasa la tatu anayetoa siri za kikao, mpe soda.

Sasa, jibu. Fundi wa mabati anakuja Jumatatu. Jumapili mukitoka kanisani, saa sita ya mchana ya kwenu, simu yangu itakuwa mukononi. Swali ni moja: unang'oa musumari wa mbao ya kwanza, ao unapigilia bati ya kwanza? Ndiyo ao hapana. Usiniletee “tutaona, Sifa.” Nimeisikia maisha yangu yote na haijawahi kupaka hata dirisha.

Ninangoja.

Mudogo wako,
Sifa, binti wa Papa Musumari-Moja